Uzi Mwekundu wa Chupa ya Kengele

Ule uzi ulikuwa wake.

Elieth aliisogeza simu karibu na uso akaitazama tena ile picha inayotembea, akiomba macho yawe yamemdanganya. Wiki iliyopita tulimwacha papo hapo, jikoni kwake Bladensburg, Marekani, vitunguu vya pilau vinaungua sufuriani naye hasikii harufu. Macho hayakumdanganya. Uzi mwekundu wa kufumia, uliobaki alipomaliza sweta la mtoto wa jirani, ulikuwa umefungwa shingoni mwa chupa ya wiski. Na chupa ilikuwa mezani kwa Mzee Kwesi kule Springfield, katikati ya glasi tupu na wageni waliokuja kunywa.

Ndani ya chupa aliyoifunga Elieth uzi ule hamkuwa na wiski.

Kama gazeti la wiki jana lilifungiwa maandazi kabla hujalisoma, nakupa kwa ufupi, maana Elieth mwenyewe hana nafasi ya kukusubiri.

Elieth ni mwanamke wa Tukuyu. Siku za kazi humtunza Mzee Kwesi: uji wake, vidonge vyake vya presha, magoti yake ambayo baridi ikiingia hugoma kukunjuka. Mzee ni Mmarekani mweusi, baharia mstaafu. Kiswahili alijifunza ukubwani, darasani, na hadi leo kila neno lake hutoka limevaa tai. Ujanani alipelekwa kambi ya wanamaji kule Uskochi, na huko akakipenda kiwanda kidogo cha wiski kiitwacho Dunarroch, chenye mitungi miwili ya shaba na wafanyakazi wasioweza kujaza basi. Kiwanda kilishafungwa zamani. Zimebaki chupa. Mara moja kwa mwaka Mzee huwakusanya marafiki aliojifunza nao Kiswahili akawasimulia historia yake kwa kufuata chupa hizo, ya kwanza hadi ya mwisho, huku wakionja kidogo kidogo.

Chupa ya mwisho ina picha ya kengele. Mzee alipewa mbili. Moja aliimaliza peke yake miezi ile alipomzika mkewe, na Elieth akaiomba ilipobaki tupu. Hata wewe ungeiomba: kioo kizito, tako pana, kizibo chenye kichwa cha mbao kinachokaa vizuri mkononi. Kwao chupa kama ile haitupwi. Akatengeneza humo dawa ya kuchua kama ya mama yake: spiriti, karafuu konzi moja, mdalasini, tangawizi iliyopondwa. Ilipokaa dirishani juani ikageuka rangi ya wiski hasa. Akaifunga uzi mwekundu shingoni, kama mama yake alivyozifunga chupa ya mafuta ya taa na chupa ya dawa ya kupe. Uzi mwekundu, usinywe. Mtoto yeyote wa kwao anajua.

Akaiweka kwenye kabati la bafuni kwa Mzee. Hakuandika neno. Aandike nini, na uzi upo?

Majuzi jirani yake Chepkirui, Mkenya, muuguzi, aliliona kopo la ile spiriti akashika mdomo. Ilikuwa ya wauza rangi, ya kusafishia brashi. Mtu akinywa kidogo hupofuka. Akizidisha, huzikwa. Elieth akaapa kwamba Jumatatu akifika kazini, kitu cha kwanza ni kuimwaga.

Leo ni Jumamosi.

Simu ya Kizzy, binti wa Mzee, iliita mpaka ikakatika. Elieth alijua sababu. Pale mlangoni huwekwa kapu la ukindu, na kila anayeingia huitumbukiza simu yake humo ikiwa imezimwa sauti. Mzee hataki mtu achezee simu wakati wafu wanatajwa. Kilichobaki wazi ni kishikwambi kimoja tu, Kizzy amekiegemeza kwenye rafu, kinawarushia sherehe ndugu walio mbali. Kinaonyesha, lakini hakuna anayekitazama.

Chini ya picha watazamaji waliweza kuandika. Elieth akaandika, vidole vinateleza:

MSINYWE CHUPA YA KENGELE NI SUMU

Jibu likaja haraka, lakini si la Kizzy. Lilitoka kwa mtu anayeitwa Farai, mtazamaji kama yeye. "Hahaa! Mama, sema tu unataka ubakiziwe."

SI MZAHA. ITAUA WATU.

"Hata mke wangu husema hivyohivyo," akajibu Farai, na vikatuni vya kucheka juu.

Mezani, Mzee Kwesi alisimama, kofia yake ya kufuma kichwani, macho yake yenye ukungu yakiwageukia watu ambao hakuwaona vizuri. Akainua chupa ya kwanza.

"Ndugu zangu," alisema. "Hii ni chupa ya Daraja. Tuanze mwanzo."

Elieth alizima jiko akatoka mbio na ndala za bafuni.

"Wewe! Unagonga kama polisi!" Chepkirui alifungua mlango akiwa bado na nguo za hospitali. "Ni nini? Nani amekufa?"

"Bado hajafa mtu. Leta ufunguo wa gari."

"Aki Elieth, nimetoka kazi saa hii. Hata viatu sijatoa."

"Ile spiriti. Iko mezani kwa Mzee. Wanaionja kama wiski."

Chepkirui hakuuliza la pili. Ufunguo ulikuwa mkononi, na mkono mwingine ulimsukuma Elieth garini.

"Umepigia watu wa emergency?"

"Nimesahau hata jina langu."

"Piga!"

Elieth akapiga. Kiingereza anachokitumia kila siku kikamkimbia chote, likabaki neno "please". Chepkirui akamnyang'anya simu huku akikata kona.

"Nani amekunywa?" iliuliza sauti ya upande wa pili.

"Hakuna, bado."

"Mgonjwa ni nani?"

"Hakuna, bado! Lakini mkikaa hapo mkiniuliza, watakuwa wengi!"

Anuani ikachukuliwa. Ni jimbo jingine, ujumbe utapelekwa huko, watu watatumwa. Chepkirui akairudisha simu.

"Wewe shika hiyo video yako. Niambie huyo mzee amefika wapi."

Hapo Elieth alivuta pumzi yake ya kwanza. Mzee Kwesi hajawahi kuruka mtu wala mwaka. Kengele ni chupa ya tano. Mbele yake ipo Daraja, ipo Mafuriko, ipo Vita, ipo Mabaharia, na Mzee hagusi chupa inayofuata kabla hajaimaliza hadithi ya ile iliyoko mkononi. Akianza kusimulia, hata mkojo humsubiri.

"Mungu wangu," alisema Elieth, "leo mpe maneno mengi."

Na Mzee alikuwa nayo.

"Mjane mmoja alikijenga kiwanda kando ya daraja," alikuwa akisema. "Kwa nini hapo? Kwa sababu watoza ushuru walipita darajani, na kutoka jikoni kwake aliwaona kabla wao hawajamwona."

Wageni walicheka.

"Wiski yake iliuzwa kwa mapipa, ikachanganywa na ya wengine, haina jina. Wajukuu zake ndio walioitia chupani mara ya kwanza, kwa ajili ya harusi ya kwao. Wakabandika picha ya daraja. Hii hapa. Ni tupu tangu sijazaliwa. Pitisheni, mnuse."

Chupa ikapita pua kwa pua. Garini, Chepkirui aliingia barabara kuu akakuta bahari ya taa nyekundu.

"Jam," alisema. "Jam Jumamosi! Hawa watu wanaenda wapi? Hawana nyumba?"

"Pita pembeni."

"Nipite pembeni nikanyage nani? Tulia. Amefika wapi?"

"Mafuriko."

"Mto uliingia kiwandani," alisema Mzee, "ukayabeba mapipa. Kijiji kizima kikayafuata bondeni kwa kamba na ngazi. Waliyoyaokoa hakuna aliyejua tena lipi ni la mwaka gani, maana maandishi yamefutika. Wakayachanganya yote wakatia chupani. Watu wa bonde wanasema hiyo ndiyo ilikuwa tamu kuliko zote, na hakuna awezaye kuirudia."

Nayo ilikuwa tupu. Nayo ikapitishwa wainuse.

Safari hii ilipita haraka mno.

"Msiwe na haraka, jamani," Elieth aliiambia simu. "Nuseni vizuri."

Mara juu ya picha likashuka tangazo la ujumbe uliochelewa tangu asubuhi. Ulikuwa wa mumewe, Lusekelo. Asubuhi ile alikuwa amekwenda Columbia, mji wa jimbo lao, na wazee wa ukoo kumposea mdogo wake, Boniface, na yeye ndiye mshenga. Pilau iliyoachwa jikoni ilikuwa ya kuwapokea wakirudi. Elieth aliona maneno ya mwanzo tu: "Mke wangu, Mungu ni mwema, ya kupeleka ukweni imepati..."

Akaufuta kwa kidole. Si sasa, Lusekelo.

"Vita," alisema Mzee Kwesi. Akainua chupa ya tatu, na hii ilikuwa na kitu ndani. "Shayiri ikawa ya mkate, moto ukazimwa. Walitia chupani yale yaliyokuwa kwenye mapipa. Oneni kioo kilivyo chembamba. Oneni karatasi yake, imechapwa nyuma ya mfuko wa unga."

Kizzy alipita akiwamiminia, glasi kwa glasi, kiasi cha kulowesha ulimi. Alipofika kwenye rafu alikigeuza kishikwambi ili ndugu waione meza yote kwa karibu.

Elieth akapiga kelele, mpaka gari likayumba.

"Nini?"

"Zote zina uzi."

"Zote nini?"

"Chupa! Zote tano! Zote zimefungwa uzi mwekundu!"

Na kutoka kwenye simu, mgeni mmoja mwanamke akasema, "Kizzy, mapambo haya ni mazuri."

"Asante. Nilikuta moja imefungwa uzi, nikapenda," alijibu Kizzy kwa Kiswahili chake cha kupimapima. "Nikatafuta uzi kama ule, nikazifunga zote."

Alama ya mama yake, alama iliyolinda watoto wa ukoo mzima, imegeuzwa mapambo.

"Ngoja," alisema Chepkirui. "Basi si lazima iwe yako. Mzee ana ngapi za kengele?"

"Moja yake, ya wiski. Na moja yangu."

"Utajuaje ipi?"

"Yake haijawahi kufunguliwa. Ina nta nyeusi juu ya kizibo."

"Basi tazama nta, dadangu. Tazama nta."

Chupa ya kengele ilikuwa mwisho wa meza, kivuli cha taa kimeangukia shingo. Uzi ulionekana. Juu ya uzi hapakuonekana kitu.

"Wakinywa, itawachukua lini?" aliuliza Elieth kwa sauti ndogo.

"Hapo ndipo ubaya wake," alisema Chepkirui. "Si sasa. Mtu hucheka, hula, huenda kulala mzima. Kesho anaamka anauliza kwa nini hamjafungua pazia." Akapiga honi bila sababu. "Lakini akiwahishwa hospitali anapona. Kwa hiyo usianze kulia. Amefika wapi?"

"Mabaharia."

Hii ndiyo hadithi aliyoipenda Elieth kuliko zote, na sasa kila neno lake lilimchoma.

"Mimi nilikuwa kijana wa Baltimore," alisema Mzee, "na katika bonde lile mweusi nilikuwa peke yangu. Nilishuka kilimani kufuata harufu. Fundi wa mapipa alikuwa mlangoni. Akanitazama, akaniuliza: unaweza kubeba? Nikasema naweza. Hakuniuliza lingine. Kila nilipopata likizo nilikwenda kumbebea mapipa. Siku moja wakasema, hawa mabaharia wanakunywa chetu kuliko sisi wenyewe, tuwape chupa yao. Ndiyo hii, yenye nanga. Kreti zake nilizipakia mimi."

Akalinywa tone lake amefumba macho. Wageni nao.

Foleni ikafunguka kidogo. Mbele yao daraja la mto Potomac, la kuvukia Virginia, lilionekana, jeupe na pana.

"Shikilia," alisema Chepkirui, na gari likaruka.

"Na sasa," alisema Mzee Kwesi, "Kengele."

Katika simu Elieth alisikia mtu akisogeza kiti.

"Pale kiwandani palikuwa na kengele ya shaba. Iligongwa kazi ikianza, ikagongwa kazi ikiisha. Wenye mali wakauza, wanunuzi wakafunga. Siku ya mwisho wafanyakazi hawakugonga kengele. Walilifungua pipa lililobaki wakajaza chupa wenyewe, kwa mikono, kwa faneli ya jikoni, kila mtu akachukua mbili. Fundi wa mapipa alinipa zake. Alisema hawezi kunywa kilio chake mwenyewe."

Kizzy akamletea Mzee kikombe kikubwa cha mbao. Ndicho kikombe cha umoja. Wageni wale wana desturi yao: kwanza humwagwa tone kwa ajili ya waliotangulia, kila jina likitajwa watu huitikia "Ashe", ndiyo amina yao. Kisha mkubwa wa umri hunywa, kisha kikombe huzunguka, mdomo kwa mdomo, asibaki mtu.

Asibaki mtu!

Kizzy akaishika chupa. Akazungusha kizibo kwa vidole viwili tu, kikatoka kwa urahisi kama cha chupa inayofunguliwa kila siku.

"Hakuna nta," alisema Elieth. "Chepkirui, hakuna nta. Ni yangu."

Akaandika tena, herufi zikapandana. Farai akamjibu: "Mama, pumzika."

Rangi ya kahawia ilitiririka kikombeni. Mzee akakiinua, akamwaga tone kwenye chungu cha mmea. "Kwa fundi wa mapipa," alisema. "Ashe," wakaitikia. "Kwa mke wangu." "Ashe."

Gari likapanda darajani. Picha ikaganda, kikombe kikiwa kifuani mwa Mzee. Kiduara kikaanza kuzunguka katikati ya kioo.

Kikazunguka, kikazunguka.

Mtandao haukurudi. Elieth alizima simu akawasha, akaitikisa, akaibusu, akaitukana. Chepkirui alikanyaga mafuta mpaka waliposimama mbele ya nyumba ya matofali, kwenye njia panda aliyoijua Elieth kama kiganja chake.

Hapakuwa na gari la polisi wala la wagonjwa. Hapakuwa na sauti.

"Kwa nini kimya?" Chepkirui alinong'ona.

Elieth alikuwa ameshafika mlango wa jikoni. Ufunguo wake ukagoma, ukagoma, ukakubali. Ndala moja ikabaki kizingitini. Alipita jikoni, akapita korido yenye picha za meli, akasukuma mlango wa sebule.

Watu wote walikuwa wamesimama, wameinamisha vichwa. Orodha ya wafu ndiyo kwanza ilikuwa imeisha, na Mzee Kwesi alikuwa na kikombe mdomoni.

"Baba, usinywe!"

Hakungoja ageuke. Aliruka, akakipiga kikombe kwa mkono, kikagonga ukuta. Mkono wa pili uliifagia chupa. Ikapita juu ya magoti ya mgeni mmoja, ikatua kwenye mawe ya meko ya kuotea moto, ikapasuka.

Yakalipuka makelele.

"Mwanamke huyu ana wazimu!"

"Mbele ya wafu? Mbele ya wafu wetu?"

"Amelewa, mnuseni!"

"Dada Elieth!" Kizzy alikuwa ameshika kichwa. "What are you doing? Leo si siku yako ya kazi!"

"Umemeza?" Elieth alimshika Mzee mashavu kama mtoto. "Baba, umemeza?"

"Nimemeza kidogo, binti," alisema Mzee. "Ndivyo kinavyotumika kikombe."

Chepkirui aliingia, akawapita wote, akapiga magoti penye vipande vya kioo. Akanusa. Akachovya kidole, akanusa tena, karibu kabisa.

Akainua uso.

"Elieth. Dawa yako ulitia karafuu?"

"Konzi nzima."

"Hapa hakuna karafuu."

"Nusa vizuri!"

"Nimenusa. Hakuna karafuu, hakuna tangawizi. Hii ni pombe ya kawaida. Hii ni wiski."

Elieth alitambaa mpaka pale. Akanusa mwenyewe. Moshi, mbao, kitu kama ganda la chungwa. Ilikuwa harufu aliyoisikia kila alipofuta vumbi kwenye rafu ya Mzee. Ilikuwa Dunarroch.

"Lakini nta..." alisema. "Haikuwa na nta."

"Niliibandua mimi asubuhi," alisema Kizzy. "Kwa maji ya moto na kisu. Mikono ya Baba haiwezi."

Mzee Kwesi alikuwa ameinama kwa shida, magoti yanalia. Alipapasa zulia mpaka akapata palipolowa. Akagusa. Akaweka kidole ulimini. Alikaa hivyo, na hakuna aliyethubutu kumwinua.

"Binti," alisema. "Nilikuwa na hii moja."

Elieth angetamani sakafu immeze. Mzee yu hai, wageni wako hai, hakuna aliyeguswa na sumu, na bado alilia kama aliyeua. Akaeleza yote, kwa Kiswahili kilichokatikakatika: chupa tupu, spiriti ya rangi, karafuu, uzi. Wageni waliokuwa wakifoka wakaziweka glasi zao chini mmoja mmoja.

Nje, ving'ora vikafika. Taa nyekundu na buluu zikacheza kwenye pazia.

"Wamekuja bure," Chepkirui alisema akijipangusa magoti. "Afadhali. Nitawaeleza." Akapiga hatua moja, akasimama. Muuguzi ni muuguzi. "Lakini hiyo nyingine. Hiyo ya dawa. Iko wapi?"

"Bafuni," alisema Elieth. "Kabatini."

Akakimbia mwenyewe. Kabati lilikuwa na dawa ya meno, vidonge vya presha, bandeji. Palipokuwa na chupa palikuwa na duara tu, safi, katikati ya vumbi.

Aliporudi sebuleni, Kizzy alikuwa amebadilika rangi.

"Ile ya bafuni ilikuwa yako?" aliuliza.

"Iko wapi, Kizzy?"

"Mimi niliiona jana nikadhani..." Alimtazama baba yake. "Daktari amekukataza, Baba. Nikadhani unakunywa kwa siri. Umeificha bafuni usiku unakunywa. Sikutaka kukuaibisha. Nikatoa ule uzi nikaufunga kwenye hii ya mezani, ile nikaipangusa, nikasema itoke nyumba hii kabisa."

"Umeimwaga," alisema Elieth. "Sema umeimwaga."

"Asubuhi mumeo alileta viti vya kanisani. Alikataa nauli. Akasema tu ana mashaka, anakwenda kuposa na kile alichonunua cha kupeleka ni kidogo..." Kizzy alishindwa kumaliza. Akaanza upya. "Alifurahi sana, dada. Alisema yeye hanywi, ameokoka, lakini wakwe watamheshimu."

*Mke wangu, Mungu ni mwema, ya kupeleka ukweni imepati...*

Elieth hakukumbuka alivyoitoa simu. Lusekelo hakupatikana. Mshenga huzima simu mbele ya wakwe. Yeye mwenyewe alimkumbusha kuizima.

Mlangoni watu wa gari la wagonjwa walikuwa wakiuliza kwa sauti mgonjwa yuko wapi, na Chepkirui alikuwa akiwaambia Columbia, Columbia, na wao wakimjibu kwamba hii ni Springfield, mama, hii ni Virginia.

Elieth akampigia Boniface.

Ikaita. Ikaita. Ikapokelewa, na kabla hajasema neno masikio yakajaa vigelegele.

"Shemeji!" Boniface alikuwa akipaza sauti juu ya muziki. "Shemeji, tumekubaliwa! Honorata ameulizwa mbele ya watu, amesema ndiyo! Mwambie kila mtu!"

"Boniface, ile chupa..."

"Ndiyo iliyotuokoa! Wazee walikuwa wamenuna, kaka akaitoa, nyuso zote zikafunguka! Ngoja, ngoja, baba mkwe huyu hapa, anataka kukushukuru mwenyewe."

"Boniface, usinipe mtu! Nisikilize! Boniface!"

Simu ilibadilisha mkono. Ikasikika glasi ikiwekwa mezani, kisha sauti nene ya mzee aliyeshiba furaha.

"Mama, shikamoo yako nitaipokea siku ya harusi. Tupo duru ya pili hapa, mimi na kaka zangu. Hebu nijibu swali moja wanalobishania." Akacheka. "Huko kwenu wiski mnaitia karafuu?"